Mzigo Ulivyogeuza Vita

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari Vita vya Kwanza vya Dunia viligeukia wapi katika Afrika Mashariki, atakujibu Tanga, na hapo hapo ataanza kukusimulia habari za nyuki. Simlaumu. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vina kila kitu ambacho msimulizi anakihitaji: meli zimejaa bandarini, jenerali mwenye kiburi, mji mdogo usio na ngome, na makundi ya nyuki yaliyoshuka kutoka mitini yakawauma watu bila kuuliza ni wa upande gani. Lakini nimezisoma habari za vita hivi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba Tanga ilituonyesha jambo ila haikugeuza kitu. Vita viligeuka mara tatu baadaye, katika sehemu ambazo wengi wetu hatuzitaji. Na kila vilipogeuka, sababu ilikuwa moja: mzigo ulimshinda mbebaji.

Tuanze na Tanga hata hivyo, maana humo ndimo ufunguo wote ulimo. Meja Jenerali Arthur Aitken alifika na wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, watu waliokaa melini wiki kadhaa, wengi wao wakiwa wamechafukwa na bahari. Tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari ya Fox alishuka pwani kuwatangazia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha, akawapa muda wajisalimishe. Muda huo ndio uliowaponza Waingereza. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, alikuwa upande wa Moshi, na kati ya Moshi na Tanga kulikuwa na reli ya kilomita zipatazo 350 ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu tangu ikamilike. Akapakia kombania zake kwenye mabehewa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 aliuzunguka mji kwa baiskeli akikagua mitaa mitupu. Mchana Waingereza walipotoka Ras Kasone, wakipenya mikoko na mashamba, walikuta wanangojewa na watu wapatao 1,000 waliofika kwa gari moshi.

Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa pili walikufa wapatao 70. Aitken alipoondoka aliacha ufukweni, kwa hesabu ya Lettow mwenyewe, bombomu 16, risasi 600,000, na bunduki mpya za kutosha kombania tatu. Bunduki hizo zilikuwa na thamani kuliko ushindi wenyewe. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado wanabeba bunduki za mtindo wa 1871, ambazo baruti yake hutoa moshi mzito mweupe: ukipiga risasi moja tu, adui ameshajua umejificha kichaka gani.

Kwa hiyo vita vya Tanga viliamuliwa na treni, na zawadi yake ilikuwa shehena. Nyuki nao walikuwepo, sikatai, ila wangeweza kubaki mizingani mwao na matokeo yasingebadilika sana.

Mgeuko wa kwanza ulikuja miezi miwili baadaye, Jasini, kijiji cha mashamba ya mkonge kaskazini mwa Tanga, karibu na mpaka wa Kenya ya leo. Waingereza walikuwa wameweka hapo kikosi cha wanajeshi wa Kihindi. Lettow akaja na kombania tisa. Mapigano yalianza tarehe 18 Januari 1915, na siku ya pili wale waliozingirwa, wakiwa wameishiwa risasi na kamanda wao Raghbir Singh ameshauawa, wakasalimu amri. Ushindi kamili. Bendera ikashushwa, mateka wakapangwa foleni.

Kisha Lettow akakaa chini kuhesabu. Yeye mwenyewe risasi zilikuwa zimempitia kofiani na mkononi. Maofisa wake wa kazi, wale waliotoka Ujerumani na ambao asingeweza kupata wengine, alikuwa amepoteza karibu mmoja katika kila saba. Na risasi zilizotumika zilikuwa 200,000. Katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1920, anakiri kwamba kwa akiba aliyobaki nayo angeweza kupigana vita vya namna hiyo mara tatu tu, asizidishe.

Yafikirie hayo. Mtu ameshinda, mateka anawaona kwa macho yake, na hesabu inamwambia kwamba akishinda hivi mara tatu nyingine amekwisha. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza. Kiwanda cha risasi hakikuwepo. Tangu siku hiyo alijitahidi kuviepuka vita vya uso kwa uso, akaanza kutuma vikundi vidogo, mara nyingine watu kumi tu, wavuke nyika ya Taru na maeneo ya Tsavo wakatege baruti kwenye reli ya Uganda. Kila tunachokijua kuhusu mbinu zake za kushambulia na kutoweka kilizaliwa Jasini, na kilizaliwa na hesabu ya sanduku la risasi. Wanaomsifu kwa ujanja wa kuzaliwa nao wanausahau ukurasa huo wa kitabu chake.

Kati ya Jasini na mwaka 1916 yapo mengi ambayo nitayapita haraka. Manowari ya Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilifungiwa ndani ya delta ya Rufiji, ikapigwa na hatimaye ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilivuliwa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu kwenye karakana ya reli. Mmoja uko Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu. Ukifika pale uweke kiganja chako juu ya chuma chake, kisha ujiulize kitu kizito namna hiyo kilivukaje milima ya Uluguru. Kilivuka kwa kamba, na kamba zilikuwa mikononi mwa mamia ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Februari 1916 alikuja Jan Smuts kuwaongoza Waingereza, na jeshi kubwa kutoka Afrika Kusini. Kwenye ramani kazi yake inapendeza. Machi aliichukua Moshi. Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur walitoka Kongo, wakaingia Kigali mwezi Mei. Tanga ilianguka Julai, Morogoro mwishoni mwa Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na Tabora ikawa mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Reli ya kati yote, kutoka bahari hadi Kigoma, kilomita zipatazo 1,250, ilikuwa imewatoka Wajerumani. Smuts aliondoka Januari 1917 akawaambia wakubwa London kwamba kazi imekwisha, imebaki kufagia tu.

Hapo ndipo palipo na mgeuko wa pili, na ndio mkubwa kuliko yote. Maana kusini mwa reli hakukuwa na reli. Wakati Smuts anahesabu miji, mbung'o walikuwa wanahesabu wanyama wake. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, farasi, nyumbu, maksai na punda wa jeshi lake waliokufa walipita 30,000. Malori yalizama katika udongo mweusi wa mbuga mara tu mvua zilipoanza. Wanajeshi weupe wa Afrika Kusini walirudishwa kwao kwa maelfu, wamekondeshwa na malaria na kuhara damu, wengine hawajawahi kumwona adui hata mara moja. Jeshi lililokuwa limesafiri kwa farasi na injini likabaki na chombo kimoja tu cha kusafirishia, nacho ni bega la mtu.

Hebu tuifanye hesabu yenyewe, maana vitabu vingi huiruka. Mpagazi anabeba kilo 25. Ukimpa posho ya kilo moja ya unga kwa siku, ambayo kwa kazi hiyo ni kumpunja, anakula sehemu moja ya ishirini na tano ya mzigo wake kila jua linapozama. Kutoka Dodoma hadi Iringa, ambako kikosi cha Jenerali Northey wa Waingereza kilikuwa kimeingia mwishoni mwa Agosti 1916, ni zaidi ya kilomita 250. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku ni siku 12 au 13 za kwenda. Na kurudi ni vivyo hivyo, maana mtu hatupwi njiani kama gunia tupu. Jumla siku 25. Amekula kilo 25. Umempeleka mtu Iringa na kumrudisha Dodoma, na askari aliye mstari wa mbele hajapata hata kibaba.

Bado hatujaweka mvua. Mwanzoni mwa 1917 Ruaha ulifurika, Rufiji ukamwaga maji yake kila upande, na vikosi vilivyokuwa ng'ambo, wakiwemo Wanaijeria waliofika Desemba, vilikaa na njaa wiki nyingi. Hata ukiwapanga wapagazi kwa vituo, huyu akimpokeza yule, hesabu haibadiliki. Tumbo la mbebaji linakula kilo ile ile popote aliposimama. Njia za kuivunja ni mbili tu: kuongeza watu, au kuwalisha kwa chakula cha watu wanaoishi njiani. Majeshi yote yalifanya yote mawili.

Kuongeza watu kulikuwa na jina. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya Kariakoo. Anayenunua nyanya sokoni Dar es Salaam leo anatamka jina la kambi yao, na Nairobi kuna Kariokor. Mkurugenzi wao, Oscar Watkins, alilalamika tena na tena kwamba watu wake wanauawa na uzembe wa makao makuu, na hakusikilizwa inavyostahili. Kuanzia Machi 1917 ulifanyika msako mkubwa Kenya nzima chini ya John Ainsworth, vijana wakakusanywa wilaya kwa wilaya. Kwa jumla, katika miaka yote ya vita, Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi na vibarua wanaokaribia milioni moja.

Waliokufa miongoni mwao hawapungui 95,000. Risasi iliwaua wachache. Aliyewaua wengi ni unga. Wapewe unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye chenga na maganda, watu ambao kwao wamezoea ndizi, wimbi au viazi. Wafike kambini usiku, kuni zimelowa, sufuria moja kwa watu wengi. Waule nusu mbichi. Tumbo linaanza kuuma siku ya tatu, siku ya saba ni damu, na asubuhi mzigo uko pale pale unangoja. Anayebaki nyuma njiani hana daktari, na mara nyingi hana hata mwenzake anayejua anatoka kijiji gani. Nimewahi kuwasikia wataalamu wakiyaita mambo haya upande wa ugavi wa vita. Kwangu mimi hivyo ndivyo vita vyenyewe. Mapigano ya bunduki yalikuwa matukio mafupi yaliyojitokeza hapa na pale katika safari hii ndefu.

Wapagazi wa Kijerumani hawakuandikwa kwa namna yoyote ya kutosha, kwa hiyo vifo vyao tunavijua kwa kukisia. Walichukuliwa kwa nguvu vijijini, na safu ilipohama wilaya walichukuliwa wengine. Ludwig Deppe, daktari aliyetembea na jeshi la Lettow, aliandika baada ya vita kwa uchungu wa wazi juu ya mashamba yaliyoteketezwa na maghala yaliyoporwa waliyoyaacha nyuma yao. Maneno ya daktari huyo nayaamini kuliko kumbukumbu za makamanda wote.

Na ile njia ya pili, ya kula chakula cha wenye nchi, iliwafikia Wagogo. Dodoma ilikuwa njia panda: Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walichukua ng'ombe na nafaka, Waingereza walipofika nao wakachukua, na vijana wa kulima wakapelekwa kubeba. Mvua zilipokuja vibaya hapakuwa na akiba. Njaa ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliipa jina la Mtunya, na wanahistoria wanakadiria kwamba ilimwondoa mtu mmoja katika kila watano. Ukivipima vita kwa maiti, uwanja mkubwa wa mapigano ya Afrika Mashariki ni Ugogo, mahali ambapo majenerali hawakudai ushindi wowote.

Jambo jingine liligeuka wakati huo huo. Waingereza walikuwa wameingia vitani na askari wa King's African Rifles (KAR) wasiofika 2,500, maana walowezi hawakutaka kumwona Mwafrika na bunduki. Baada ya wageni kulazwa na malaria hapakuwa na hiari tena. Hadi 1918 jeshi hilo lilikuwa na batalioni 22 na watu wapatao 35,000. Kuanzia 1917 vita vya wafalme wa Ulaya vilipiganwa na Mnyamwezi dhidi ya Myao, na Mnandi dhidi ya Msukuma, wote wakipewa amri kwa Kiswahili. Ndugu wa ukoo mmoja waliweza kukutana ng'ambo mbili za handaki moja.

Mgeuko wa tatu ni Mahiwa, bara ya Lindi, Oktoba 1917. Kwa siku nne, tarehe 15 hadi 18, watu walipigana mchana na usiku wakiwa wamekaribiana mno. Jenerali Beves aliwarusha watu wake uso kwa uso dhidi ya mahandaki ya Wajerumani mara baada ya mara. Katika Waingereza na Waafrika wao wapatao 4,900 walianguka wapatao 2,700, wafu na majeruhi. Lettow alikuwa na wapatao 1,500 na alipoteza zaidi ya 500. Kwa ulinganisho wa wafu ni ushindi wake mkubwa baada ya Tanga. Kwa sanduku la risasi ni Jasini tena, mbaya zaidi. Risasi zisizotoa moshi zilikuwa karibu zimekwisha, na bunduki nyingi zilizobaki na chakula cha kuzilisha zilikuwa zile za 1871.

Safari hii hakuwa na nchi ya kurudi nyuma. Novemba, juu ya uwanda wa Makonde, mahali paitwapo Nambindinga, alifanya uamuzi ambao ndio hasa uliomaliza koloni la Ujerumani. Alilikata jeshi lake mwenyewe. Wagonjwa, waliochoka, maofisa na askari ambao hakuwa na risasi za kuwapa, wote waliachwa waangukie mikononi mwa Waingereza. Aliondoka na Wajerumani wasiofika 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000, kiasi ambacho mashamba ya njiani yangeweza kukilisha. Siku hizo hizo ndege-puto kubwa, L59, ilikuwa inatoka Bulgaria kumletea dawa na risasi; ilifika juu ya anga la Sudan ikaamriwa igeuke. Kapteni Tafel, aliyekuwa anakuja na kikosi kingine kuungana naye, alikosa chakula, akasalimu amri tarehe 28 Novemba.

Tarehe 25 Lettow alikuwa ameshavuka Ruvuma na kuwashukia Wareno Ngomano. Kamanda wao, Meja Teixeira Pinto, aliuawa mapema. Katika kambi hiyo Wajerumani walipata bunduki mamia na risasi robo milioni. Tangu hapo, kwa mwaka mzima, jeshi hili halikuwa tena na koloni la kulinda. Lilikuwa linatembea kutafuta ghala la mtu mwingine.

Je, kutembea huko kuliisaidia Ujerumani kule Ulaya? Lettow aliamini hivyo mpaka mwisho, kwamba kila askari aliyemfukuza yeye hakuwepo Ufaransa. Mimi nakubali kwa sehemu ndogo sana. Meli alizishughulisha kweli, na mwaka 1917, nyambizi zilipokuwa zinazamisha shehena za Waingereza kila siku, meli zilikuwa adimu. Lakini askari wa KAR, Wanaijeria na watu wa Gold Coast hawakuwa wa kupelekwa Ufaransa. Wala mpagazi wa Nyanza hakuwa anangojewa na mtu yeyote kwenye mto Somme. Alichokizuia Lettow ni kidogo, na waliokilipia hawakuulizwa.

Alirudi kwenye ardhi ya koloni Septemba 1918, akapita upande wa Songea, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 13 Novemba aliishika Kasama, siku mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, maana habari zilikuwa hazijamfikia. Tarehe 25 aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Walihesabiwa Wajerumani 155, askari 1,168 na wapagazi wapatao 1,500. Askari walipelekwa kambini Tabora, ambako homa kali ya mafua iliyokuwa inazunguka dunia iliwakuta.

Waingereza walihesabu pia silaha. Mzinga mmoja, wa Kireno. Bombomu 37, nyingi zikiwa za Kiingereza. Bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Na risasi 208,000, zaidi kidogo ya zile zilizoteketea Jasini kwa siku mbili. Risasi moja ina uzito wa gramu 25 hivi. Zote pamoja ni tani tano na ushei, sawa na mizigo 208, na kila mmoja ulikuwa na mtu aliyeushusha kichwani siku hiyo ya mvua.